Meno ya Mdogo Wangu

Nimeanza kuandika habari hii mara nyingi nikaiacha, kwa sababu meno yenyewe si yangu. Ni ya mdogo wangu. Kuandika habari za meno ya mtu ni kama kumfungua mdomo kwa nguvu mbele za watu. Lakini nilipomwuliza alinijibu, "Andika tu dada. Wewe si unaandika kila kitu, hata mvua ikinyesha." Basi naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na pale nitakapokosea nilaumiwe mimi, wala si yeye.

Kwa mama tuko wawili. Baba na mama walipokwenda upande wa Arusha kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa, mimi niliachwa kwa bibi hapa Rungwe. Mdogo wangu alizaliwa huko, akakulia huko, akanywa maji ya huko. Baba alipofariki mama alirudi naye akiwa binti wa shule ya msingi, mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kuimba ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine. Na meno ya kahawia.

Sisemi njano. Yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na madoa, kama sufuria iliyounguza maziwa. Mama hakuwa na habari nayo. Alisema kule alikotoka watoto wote walikuwa hivyo, na mwenye meno meupe ndiye aliyeulizwa ametokea wapi. Lakini hapa kwetu hatukuwa tumeyaona. Shuleni walimwuliza kama nyumbani tunakula misumari. Mwalimu mmoja alimtoa mstarini akamwagiza arudi nyumbani akasugue kwa jivu. Simlaumu sana yule mwalimu. Aliona uchafu kwa sababu hakuwa na jina lingine la kukipa kitu kile, na hata mimi, dada wa tumbo moja, wiki za kwanza nilikuwa nampelekea mswaki wa mti bila kuombwa.

Akajifunza kucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Alipokua akaanza kujifunga kanga, kiganja kikapumzika. Kanga ilikaa begani, na kicheko kikimjia ncha yake ilipanda mdomoni yenyewe, kwa wepesi, mpaka mgeni angedhani ni maringo. Kwenye kwaya alikuwa anainua kitabu cha nyimbo juu kidogo kuliko wenzake. Sauti ilitokea nyuma ya kitabu, na watu waliokaa nyuma walikuwa wananyoosha shingo kumtafuta mwenyewe.

Ukosefu wa bidhaa mimi naukumbuka. Dawa ya meno dukani ilikuwa haipo, sabuni ilikuwa ya foleni, tulisugua kwa chumvi, jivu na mkaa uliosagwa. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mitaa ya Bagamoyo hapa Tukuyu ikajaa meza, na juu ya meza vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje: mafuta ya kunyoosha nywele, krimu za kung'arisha uso, saa, vitana vya rangi rangi. Vingine vilipita mpakani Kasumulu, vingine vilitoka Dar es Salaam, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ambazo hapa hakuna anayezisoma. Tulifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu siku hizi watu wanaisimulia miaka ile kana kwamba tulidanganywa wote kwa pamoja. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Ndipo mdogo wangu akapata mchumba. Kijana wa Isongole, mkulima wa viazi, aliyekuwa anashusha magunia sokoni na Jumapili anasali kwetu. Mshenga alikuja, mambo yakaenda vizuri, ikabaki siku ya ukoo wake kuja kumwona binti. Kwa mila yetu, binti akishachumbiwa hatakiwi kuonana uso kwa uso na baba wa mume wake. Akimsikia anakuja anaacha njia, anajifunika, anapiga magoti huko pembeni mpaka mzee apite. Jina lake halitaji. Wengi siku hizo walikuwa wameshaanza kuiacha, wengine wanakula na wakwe zao meza moja, lakini ukoo ule wa Isongole walikuwa bado wanaishika.

Siku ile mdogo wangu alipita uani na sinia, kanga imefunika uso, imebaki jicho moja la kuonea njia. Shangazi mmoja wa upande wa kijana akasema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, huyu amelelewa! Hawa wa siku hizi wanakukodolea macho kama wanakudai. Huyu hata meno yake hatuyajui."

Wote walicheka, hata mama yangu, na baadaye mama alimfuata jikoni akiwa na furaha. "Unaona? Mungu amekupa ukoo ambao hawatakaa wauone mdomo wako."

Mdogo wangu alikuwa anakata ndizi. Hakuinua kichwa. "Mama, mimi sitaki kuolewa ili nijifunike. Nataka siku ya harusi yangu nicheke. Siku moja tu, na mdomo wangu wazi, nicheke kama watu."

Hicho ndicho alichokitaka. Nimekiandika kama alivyokisema, kwa sababu watu wengine walisema baadaye alitaka urembo.

Alianza na limau. Alikata kipande, akakisugua kwenye meno ya mbele asubuhi na jioni. Kisha mkaa. Kisha unga wa tofali, aliofundishwa na mwanakwaya mwenzake. Fizi zilitoa damu lakini rangi ilibaki. Ndipo tukaenda Bagamoyo pamoja, tukaiona ile chupa.

Ilikuwa chupa ndogo ya plastiki, na karatasi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka. Mwenye meza alikuwa kijana wa Kiislamu, mpole, anayefunga meza wakati wa swala na kuacha vitu vyake vimefunikwa kwa turubai bila mlinzi.

"Hiyo ni ya kung'arisha meno," alisema. "Unapaka kwa pamba, unahesabu kidogo, unasukutua. Lakini dada, mara moja kwa wiki. Aliyeniuzia amenisisitiza, mara moja kwa wiki."

"Na ukipaka kila siku?" mdogo wangu aliuliza, kanga mdomoni.

Yule kijana akacheka. "Si utamulika usiku kama taa ya gari?"

Tukacheka sote. Tulinunua.

Sasa nataka niwe mkweli. Mimi pia nilipaka. Nachuma chai, nakunywa chai, na meno yangu yalikuwa yameshika rangi ya chai kwa nyuma na pembeni. Nilipaka kama nilivyoelekezwa, na ile rangi ikatoka. Meno yaliingiwa na ganzi kidogo nilipokunywa maji ya kisima, ikaisha. Sikudhurika. Mtu akiniuliza kama dawa ile ilifanya kazi, kwa upande wangu siwezi kusema haikufanya.

Na kwa mdogo wangu pia ilifanya. Hapo ndipo penye uchungu. Kama isingefanya kitu angeitupa. Lakini siku zilivyokwenda ile kahawia ikaanza kufifia, ikawa kama mchanga, kisha kama chaki. Yeye akaona inaitika, akapaka kila asubuhi, kisha asubuhi na jioni, na limau juu yake ili iwahi, maana harusi ilikuwa inakaribia. Nilimwambia, "Si alisema mara moja kwa wiki?" Akanijibu, "Wewe yako yalikuwa ya chai. Haya yangu ni sugu." Jibu lilikuwa na akili. Nililitafakari nikaona lina akili, nikanyamaza. Mpaka leo sijui kama kelele zangu zingesaidia. Labda, labda hapana.

Siku ya harusi alicheka. Kanisani, upande alikokaa baba mkwe alishusha shela, lakini upande wetu alikuwa wazi. Shemeji yangu alimnong'oneza jambo pale mbele na mdogo wangu akaangua kicheko, kichwa kimekwenda nyuma, mikono yote miwili imeshika maua, hakuna hata mmoja uliokwenda mdomoni. Mama alilia. Meno hayakuwa meupe hasa, yalikuwa kama yamepakwa unga. Lakini hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Kisha akaenda Isongole kwa mumewe.

Isongole ni juu, baridi yake si ya hapa mjini. Asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Alipoyaweka mdomoni siku za kwanza alihisi kama amechomwa na sindano kwenye kila jino la mbele. Hata upepo wa shambani, alinieleza, ilibidi avute hewa kwa pua. Akafunga kanga mdomoni kwa ajili ya upepo. Na kwa vile baba mkwe aliishi nyumba ya jirani, boma moja, na njia ya kwenda kisimani ilipita mlangoni kwake, kanga ile haikumshangaza mtu. Mkamwana mpya amejifunika. Wangemshangaa kama asingejifunika.

Yule mzee naye alikuwa mtu wa adabu. Hakutaka kumbughudhi. Kila alipotoka nje alikohoa kwanza, kikohozi cha makusudi, ili binti apate nafasi ya kuingia kwenye mahindi. Ukikaa pale asubuhi ungesikia: kikohozi, kisha majani ya mahindi yanachakacha, kisha fimbo ya mzee inapita. Ndivyo walivyoishi, hawajawahi kuonana, na kwa namna yao walikuwa wanapatana. Mama mkwe alisema mzee alikuwa akijisifu kwenye pombe, "Wengine wana wakamwana wa kutazama. Mimi wangu namsikia." Maana alikuwa anaimba jikoni, na mzee alikuwa anahamisha kiti chake ukutani upande ule.

Maumivu yakawa ya mchana, kisha ya mchana na usiku. Jino moja likabadilika rangi, likawa la kijivu. Mdomo wa juu ukavimba, uvimbe ukapanda mpaka chini ya jicho. Na hakuna aliyeuona. Mumewe wakati ule alikuwa anafuatana na magari ya viazi mpaka Mbeya na zaidi, akirudi ni giza, anaambiwa "jino tu linanisumbua", anamletea vidonge vya maumivu. Wanawake wa boma walimwona anakula peke yake, uso ndani ya kanga, hatazami mtu, hasemi. Wakamsifu. Nilipata salamu zao huku mtaani kwangu Msasani, hapa hapa Tukuyu, kupitia kwa muuza viazi: mwambieni dada yake, mtoto wenu ana heshima, hata sisi wanawake wenzake anatuonea haya.

Nilifurahi nilipoipokea salamu ile. Nimeiandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikwenda kumtembelea na mkungu wa ndizi, kwa sababu kule juu ndizi ni za shida. Mama mkwe alinipokea vizuri sana.

"Ndaga fijo, mama, kwa kutulelea," nilimshukuru.

"Tunakushukuru wewe, mwanangu. Mlitupa mtu. Tangu amekuja sijamwona kidevu."

Mdogo wangu alikuwa jikoni, amekaa mbali na moto. Alinisalimu kwa kutikisa kichwa. Nikamwambia, "Aa, mimi si mkwe wako, funua uso nikuone." Akakataa kwa mkono. Nikadhani ni utani wetu wa zamani, nikaivuta kanga.

Sitaeleza sana. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba, unang'aa, jicho limefumba. Pumzi yake ilinuka. Mama mkwe aliyekuwa mlangoni aliangusha ungo. "Yesu wangu," alisema. "Mkamwana! Tangu lini?" Kisha akapiga kofi paja lake mwenyewe, mara nyingi, akirudia, "Na sisi tunasifu. Na sisi tunasifu."

Shemeji alikuwepo siku ile, namshukuru Mungu. Tulipanda pikapu ya viazi mpaka hospitalini, mdogo wangu mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia. Njiani nilimweleza shemeji habari za chupa, maana hakuwa anazijua. Alinisikiliza huku anatazama barabara.

"Shemeji," alisema, "lakini mimi meno yake nilikuwa nimeyaona. Zamani, kwenye mazoezi ya kwaya. Kitabu kilimponyoka."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani anajua kwamba nimeyaona."

Hata angesema, je, mdogo wangu angeiacha ile chupa? Yeye alitaka kucheka mbele ya watu wote, si mbele ya mtu mmoja. Lakini labda. Sijui.

Daktari wa meno alimng'oa manne ya mbele, juu. Kisha alinikalisha nimweleze, nikamtolea chupa niliyokuwa nimeichukua kwenye vitu vya mdogo wangu tulipoondoka. Aliinusa, akadondosha tone moja kwenye sakafu ya saruji. Saruji ikatoa povu. Alisema hawezi kujua ni nini hasa, kwa kuwa karatasi yake haisemi kitu, lakini ni kitu kikali, kinachokula. Akanieleza kwamba ile kahawia haikuwa uchafu. Iliingia kwenye jino tangu jino likiwa bado ndani ya fizi, kutokana na madini yaliyo kwenye maji ya kule alikokulia, na haitoki kwa kusugua.

"Mbona ilitoka?" niliuliza. "Mimi niliona ikitoka."

"Ilitoka na jino lenyewe, mama. Alikuwa anaondoa ganda la jino kidogo kidogo. Likiisha, baridi inaingia, vijidudu vinaingia, jino linakufa."

"Na mimi niliyepaka?"

Akanitazama mdomoni. "Wewe ya kwako ilikuwa chai, imekaa juu tu. Imetoka. Ila usirudie." Akasema pia kwamba hata limau na tofali vilifanya kazi yao, hivyo asingependa nimtwike mwenye chupa mzigo wote. Nalo nimeliandika.

Nilikwenda Bagamoyo nikiwa na hasira. Nilikuwa nimepanga maneno. Yule kijana alinisikiliza, akakaa juu ya ndoo yake, akafungua mdomo wake mwenyewe akanionyesha. Meno meupe kiasi, mazima. "Naipaka mimi, dada. Naipaka kwa sababu ya kahawa. Mke wangu anapaka. Ningejua ningempaka mke wangu?" Akakusanya chupa zote zilizokuwa mezani akazitia kwenye mfuko, na kweli sikuziona tena kwake. Nilipogeuka kuondoka niliziona meza ya tatu kutoka pale, picha ya mwanamke yule yule anacheka. Nilisimama. Nilitaka kumwambia mtu, nikakosa ni nani wa kumwambia. Nikaenda nyumbani.

Mdogo wangu akarudi Isongole, akapona uvimbe. Meno ya bandia shemeji alisema atamtengenezea, na sina shaka alikuwa na nia, lakini viazi mwaka ule vilishuka bei, kisha watoto wakaja, basi. Kanga ikarudi mdomoni ikakaa moja kwa moja. Hata kuimba aliacha. Alijaribu, upepo unapita mahali pa meno, maneno yanatoka na mluzi. Watoto wa boma walicheka mara moja, hawakuwa na nia mbaya, yeye akanyamaza.

Yule mzee alingoja. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia. Alikaa pale ukutani asubuhi nyingi, kisha siku moja akazungumza na ukuta, maana mila haikumruhusu kuzungumza na mtu aliye ndani. Alisema, "Wewe nyumba, zamani ulikuwa unaimba. Nimekukosea nini?"

Mdogo wangu alikuwa ndani, alisikia. Mila haikumruhusu kujibu, na hata ingemruhusu, alinieleza, angejibu nini? Kwamba si kosa lako baba, ni meno? Alibaki ameshika mwiko mpaka aliposikia fimbo inaondoka.

Mzee hakuuliza tena. Aliendelea kukohoa kila alipotoka, kikohozi kile kile cha makusudi, mpaka ukaja mwaka ambao kilikuwa si cha makusudi tena, na baada ya hicho hakuishi sana.

Nilikwenda msibani. Walikuwa wamemlaza sebuleni kwake, jeneza halijafungwa, wanawake wamekaa chini kuzunguka wanaimba. Mdogo wangu alisimama mlangoni. Hakuwa amewahi kuingia nyumba ile mzee akiwemo. Alisimama kitambo, kisha akaingia, na alipofika karibu na jeneza akaishusha kanga kutoka usoni, ikabaki mabegani.

Bibi mmoja alimvuta upindo. "Mkamwana, jifunike. Baba yako huyo."

Mama mkwe akasema bila kugeuka, "Mwache. Ajifunike kwa nani sasa?"

Mdogo wangu aliinama akamtazama mzee usoni. Ndiyo kwanza anamwona. Na kama wafu wanaona, ndiyo kwanza mzee naye anamwona, vile alivyo, na pengo lake. Kisha akajiunga na wimbo. Mimi nilikuwa mbali, karibu na dirisha, na sauti za wale wanawake zilikuwa kubwa. Watu baadaye waliniuliza kama aliimba kweli au alikuwa analia. Siwezi kuandika kwamba niliisikia sauti yake, maana sikuisikia. Niliuona mdomo tu, uko wazi, na mikono yake yote miwili iko chini.